Mke wa Papa Sababu

Papa Sababu,

Jina lako ni Donatien, najua. Ndilo lililoandikwa kwenye msalaba, na ndilo padri alilolitaja siku ile. Lakini mimi sijawahi kukuita hivyo hata mara moja, na nikianza leo utadhani ni mtu mwingine anayekuandikia. Basi uwe Papa Sababu, kama zamani.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha karatasi, kile alichonifundisha baba yangu katekista, kile ulichokuwa ukinichekea: "Weye Béa, unasema sawa padri!" Nivumilie. Mdomo wangu ni wa Lubumbashi kama wako, ila mkono wangu haukuzoea kuandika namna nyingine. Nimekaa mezani karibu na dirisha. Ni Jumapili mchana, zamu yangu kule kwa wazee inaanza kesho, na mvua inanyesha, ile mvua ya Brussels isiyojulikana ilianza saa ngapi. Nataka kukueleza yaliyotokea tangu ulipoondoka. Tena kuna jambo nilitaka kukuuliza, na najua nimechelewa.

Siku hizi watoto wa hapa wananiuliza, "Maman, hiyo Jioni ya Mugini ilikuwa nini?" Nawaambia mugini ni kijijini, ndivyo tunavyosema kwetu. Nawaambia kila Jumamosi jioni, kwa miaka na miaka, mtaa mzima ulikuwa ukijazana kwenye nyumba yenye televisheni, wakubwa kwenye viti, watoto sakafuni, na waliokosa nafasi wakichungulia dirishani. Kwanza magitaa. Wanaume wanne wenye kofia pana za makauboi, kwa sababu kiongozi wao alipenda santuri za Wamarekani tangu utoto, lakini nyimbo zao zilikuwa za mihogo, za mvua iliyokawia, za mke aliyerudi kwao, na mmoja alikuwa akigonga chupa tupu ya soda kwa kisu. Kati ya wimbo na wimbo mnaingia ninyi wa vichekesho: chifu na kiti chake kibovu, na wewe, mwanakijiji mvivu mwenye sababu ya kila kitu. Nani amekula kuku wa chifu? "Chef, sababu iko!" Na sababu ilikuwa ndefu kiasi kwamba ikifika mwisho, chifu mwenyewe anakuomba msamaha.

Wananiuliza niliingiaje. Nawaambia niliitwa kuimba wimbo mmoja tu. Mama aliyecheza mke wako aliumwa siku hiyo, mkurugenzi akanifunga kitambaa chake kichwani, akanisukuma mbele ya kamera. Sikujua hata neno moja la mchezo. Wewe ukaniinamia sikioni: "Ukasirike tu. Ingine yote ni yangu." Nikakasirika. Na nilibaki nimekasirika kila Jumamosi mpaka mvi zikaniota.

Watu walidhani tumeoana kweli. Sokoni walikuwa wakinipa salamu zako, wengine wakinishauri nikuache. Maman Georgette, mke wako wa kanisani, alifurahia sana jambo hilo. "Mukamate kabisa, Béa, miye nimechoka naye!" Halafu ananijazia sahani. Hapakuwa na kitu kati yangu na wewe, kila mtu wa karibu alijua hivyo, na yeye alijua kuliko wote. Lakini nilijua pumzi yako. Ukivuta hewa kwa pua, najua utaruka mstari na nikufuate hukohuko. Ukigusa ukingo wa kofia, najua nisubiri, wacheke kwanza. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, sikuwahi kumjua hivyo.

Kisha wakaja wakubwa wapya wa kituo, wakasema mambo ya kijijini yamepitwa na wakati, wakaturudisha nyumbani. Baadaye tukasikia kwamba kanda zetu zimefutwa, juu yake wamerekodi hotuba na mechi za mpira. Watu walikuja kwako kukupa pole, nawe ukawaambia hata sauti zetu zimepata kazi ingine. Wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, sikucheka.

Mimi nikaja huku kumfuata dada yangu, nikapata hii kazi ya kuogesha na kulisha wazee. Maman Georgette akafariki kule nyumbani. Halafu koo lako likaanza kukwaruza, na Solange, binti yako, akakuita uje Koekelberg, hapahapa Brussels, ukae naye utibiwe. Ni yeye aliyekutafsiria maneno ya daktari kule hospitali ya Woluwe, ingawa Kifaransa chako kilikuwa kizuri kuliko changu. Nadhani ulitaka uyasikie katika mdomo wa mwanao. Ili uishi, ilibidi waondoe kile kinachotoa sauti. Si kwa muda. Moja kwa moja. Solange anasema ulipokuwa ukisukumwa kwenda kupasuliwa ulikuwa bado unamtania muuguzi kuhusu lile gauni linaloacha mgongo wazi. Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho kutoka mdomoni mwako.

Sijui kama nikuambie kwamba miaka iliyofuata inaniuma kuliko siku ya kifo. Naona nikuambie.

Ulijificha. Ulifunga skafu shingoni hata kiangazi. Walikupa kile kidude cha kubandika kooni kinachotoa sauti ya mashine. Ulikijaribu mara moja, wajukuu zako wakaogopa, ukakiweka kabatini. Kuandika kwenye simu hukupenda, vidole vyako vilikuwa vikikosea herufi na ulikasirika. Jumamosi nilikuwa nakuja na sombe, yale majani ya mihogo, na samaki, nakaa jikoni kwa Solange, naongea peke yangu kama redio, nawe unatazama lile kanisa kubwa, Basilika, kupitia dirisha. Nikikuambia twende Matonge, mtaa wa Wakongo, tukasalimie watu, unatikisa kichwa. Nilijua sababu. Kule kila mtu wa Katanga angekusimamisha na kukuomba umchekeshe. Nami nikakubali. Nikasema moyoni, mwache apone, mwache azoee, kuna wakati. Ndivyo tulivyopoteza muda mzuri, wewe dirishani, mimi kwenye sufuria.

Siku ile ya kinyozi ndiyo iliyobadilisha mambo. Solange alikuwa kazini, nywele zako zimekuwa kama za nabii, akaniomba nikupeleke kulekule Matonge. Ulivaa kofia mpaka kwenye nyusi. Tulitoka vizuri, kinyozi alikuwa kijana wa Bujumbura asiyekujua, ukatulia. Tumefika kituo cha metro cha Porte de Namur kurudi nyumbani, tukasikia mtu anapaza sauti nyuma yetu.

"Eh! Papa Sababu! Ni weye kweli? Tupatie kichekesho moja, papa, moja tu!"

Lilikuwa jibaba zima limebeba mifuko ya soko, uso wote umefunguka kwa furaha. Mtu wa Kolwezi, baadaye alituambia. Watu wakageuka. Ukasimama kama mti. Niliona mkono wako unakwenda kwenye skafu, na macho yako yakanitafuta, na sikuwa nimeyaona yakinitafuta hivyo tangu kamera zilipozimwa.

Sikufikiri. Nilishika kiuno, nikamgeukia yule baba kwa ile sauti yangu ya Jumamosi.

"Acha ye, tonton! Leo njo siku yangu ya kusema. Tangu tulioana hakunipatiaka nafasi!"

Na wewe, Papa Sababu, ukafanya ule uso. Ule uso wa mtu aliyekutwa na mnofu wa kuku wa chifu mdomoni. Sidhani uliukusudia. Ulitoka wenyewe. Yule baba akaangusha mfuko, machungwa yakatawanyika, mama mmoja aliyekuwa akinunua tiketi akajishika mbavu, na hata Wabelgiji wawili ambao hawakuelewa neno wakacheka. Nikakutazama. Mabega yako yalikuwa yanapanda na kushuka. Ulikuwa unacheka bila sauti, machozi yanakutoka, na hukujificha.

Ndani ya metro ulitoa simu, ukaandika polepole, ukanionyesha: "Mara ingine, usishike kiuno mapema." Kweli, nilikuwa nimekosea hapo. Mwalimu wangu alikuwa amerudi.

Trésor ndiye aliyeandaa ukumbi ili tucheze tena. Unamkumbuka alivyokuja kwa Solange na gitaa mgongoni, kijana wa Likasi, mambo ya kompyuta siku za kazi na muziki wikendi, anatetemeka mbele yako kama anakuja kuposa. Bibi yake alikuwa amemfundisha nyimbo zote za Jioni ya Mugini kwa kumwimbia, maana kanda hakuna. Ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa. Tulifanya mazoezi sebuleni kwa Solange, tukasogeza kochi. Wewe ndiye uliyetunga yote, kwa mikono, kwa uso, kwa kunikanyaga mguu nikichelewa: Papa Sababu ana maumivu ya jino, hawezi kusema, na ni mke wake atakayemtetea mbele ya chifu.

Siku ile nilikutazama ukipanda jukwaani, shavu umelifunga kitambaa, kofia yako pana kichwani, na ukumbi ukasimama kabla hujafanya lolote. Trésor alikuwa chifu. Akauliza kuku wake yuko wapi. Nikakusogelea, nikaweka sikio karibu na mdomo wako, nikatikisa kichwa kwa makini, nikasema:

"Chef, bwana yangu anasema, kuku alikula ye. Na ule wa jana pia, ni ye."

Uliruka kama umekanyaga moto. Ulinivuta kitenge, ukanipigia magoti, ukamwonyesha chifu kwamba mimi ni kichaa. Kila ulipokataa kwa mikono, mimi nilikiri kosa jingine kwa niaba yako. Mbuzi. Baiskeli ya mwalimu. Watu walikuwa wanalia. Maman mmoja mnene alitolewa nje apate hewa. Sikuwahi kufanya kazi nzuri namna ile katika maisha yangu, wala wewe, na tulikuwa wazee wawili kwenye jukwaa la mbao la parokia.

Sasa nimefika kwenye lile nililotaka kukuuliza.

Mchezo uliisha. Magitaa yalikuwa yameanza wimbo wa kufunga. Wewe ukanyoosha mkono, Trésor akanyamazisha nyuzi. Hilo hatukulipanga. Ukafungua kitambaa cha shavuni. Ukavua kofia, ukaishika kifuani, ukasogea mbele mpaka kwenye ukingo wa jukwaa, na ukaanza kusema. Midomo ilikuwa inatembea polepole, kwa adabu, kama mtu anayehutubia harusi. Ilikuwa ndefu. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Mimi nilikuwa nyuma yako kidogo, ubavuni, nikaona shavu tu linavyocheza. Na nikaogopa ule ukimya, Papa Sababu. Nilikuwa nimeshazoea siku nzima kwamba kila ukimya ni wangu kuujaza. Nikasema kwa sauti kubwa:

"Anauliza, chakula iko wapi?"

Ukumbi ulilipuka. Ulifunga mdomo. Ukageuka ukanitazama. Hukukasirika, ningejua. Ulinitazama tu, halafu ukatabasamu, ukarudisha kofia kichwani, ukainama, na magitaa yakaendelea.

Ulikuwa unasema nini?

Nilitaka kukuuliza palepale, lakini watu walitufunika, kila mmoja anataka picha, na ulikuwa umechoka, Solange akakuingiza kwenye gari. Nikasema nitamuuliza Jumamosi. Kabla ya Jumamosi kikohozi kilikuwa kimekurudisha Woluwe. Nilikuja mara kadhaa, nikakukuta umelala kwa dawa. Mara moja nilikukuta macho, unatazama katuni na wajukuu kwenye simu ya Solange, mmebanana kitandani wote, na sikuwa na moyo wa kuwakatiza. Nikakubana kidole gumba cha mguu juu ya blanketi, nawe ukafanya uso wa mtu aliyeonewa. Nikaondoka nikicheka. Safari iliyofuata sikuipata. Nilikuwa kazini, namlisha supu mama mmoja wa Kiflamandi ambaye huwa ananiita kwa jina la dada yake, ndipo simu ya Solange ilipoita.

Nimewauliza wote. Solange alikuwa jikoni mwa ukumbi anapakua wali. Trésor alikuwa anaangalia nyuzi zake. Watu wa safu ya mbele kila mmoja ana lake: huyu anasema uliwashukuru, yule anasema ulimtaja Maman Georgette, mwingine anaapa ulikuwa unaomba sala. Video ziko kwenye simu za watu, lakini mikono ilikuwa inatetemeka kwa kicheko, na taa ilikuwa mbaya, na lililo wazi ndani yake ni sauti yangu ikiuliza chakula. Nimezitazama mara nyingi mno. Siku hizi sizitazami.

Ukazikwa hapa. Ulikuwa umeshamwandikia Solange kwamba unataka kaburi ambalo wajukuu wanaweza kulifikia kwa basi. Najua ilikugharimu nini kumwacha Maman Georgette peke yake kule. Siku ile kulikuwa na baridi kali, udongo umekuwa mgumu, na watu walikuja kutoka Liège, kutoka Charleroi, mpaka kutoka Ufaransa. Mlangoni mwa kanisa kulikuwa na msichana wa parokia anayewapanga watu. Akaniuliza kwa heshima, "Maman, weye uko nani wa marehemu?" Nikafungua mdomo. Mke si mimi. Dada si mimi. Nikasema, "Collègue." Mtu wa kazini. Akanipeleka nyuma, nguzo ikanikinga nisione jeneza. Baadaye watu walipita kuwapa mkono Solange na watoto, na mimi nikapita pia, nikatoa mkono, nikasema pole kama wageni wengine. Hakuna aliyekosea. Nafasi yangu haikuwepo, ndivyo ilivyo. Nilirudi nyumbani nikavua viatu nikakaa na koti langu mwilini.

Baridi ilikuwa bado haijaisha Trésor alipokuja kwangu. Akazunguka sana kabla ya kusema. Watu wanauliza, Liège wanataka, Charleroi wanataka. Angejaribu yeye kuwa Papa Sababu, kama ningekubali. "Maman, sitaki kukamata nafasi yake," akasema. "Nataka tu bantu bacheke tena." Nikamwambia ajaribu hapohapo, mbele ya friji yangu. Akavuta pumzi kwa pua, akagusa ukingo wa kofia asiyokuwa nayo, akasema chef, sababu iko. Nami nikacheka. Papa Sababu, ilinitoka kabla sijaizuia, na nikaona aibu kama mke aliyefumaniwa. Alikuwa mzuri. Angekuwa mbaya ningemfukuza kwa roho safi.

Tukaenda kwa Solange kumwomba kofia. Hakutukaribisha viti.

"Kofia ya papa, hakuna mutu ataivala," akasema. "Bon. Ni vile." Akamgeukia Trésor. "Na jina yake pia, acha. Papa alikufa mara moja. Hatakufa tena kila wikendi pale Liège."

Trésor akaomba msamaha akatoka, karibu asahau gitaa. Mimi nikabaki nimesimama jikoni, pale pale nilipokuwa nikikuongelea kama redio. Solange akanipa kisu na vitunguu, maana hajui kugombana na mtu asiye na kazi mkononi. Tukakata. Halafu akasema bila kunitazama kwamba watoto wameanza kuuliza sauti ya babu ilikuwaje. Wao waliisikia ikiwa nzima kwenye simu tu, walipokuwa wadogo sana, wamesahau. "Maman Béa, weye unamujua. Sema sawa ye. Kidogo tu, nisikie."

Nikaweka kisu chini. Nikakaza koo, nikatoa sauti yako, ile yenyewe, inayopanda mwishoni kama inauliza. Niliifanya vizuri. Solange alisikiliza macho yamefungwa. Kisha akatikisa kichwa.

"Apana. Hapa nyumbani hakusemaka vile. Alisemaka pole pole. Ya chini. Hata ukikosa, hakupandisha."

Sikuwa nayo hiyo. Nilitafuta kichwani mwangu kote, sikuikuta. Miaka yote ile nilijivunia kukujua mpaka pumzi, na binti yako alikuwa ananieleza mtu aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya kamera kuzimwa, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, na mtu huyo mimi sikukutana naye. Yeye naye akaniambia hakuwahi kumpenda sana Papa Sababu. Shuleni walimwita mtoto wa mwizi wa kuku. Tukalia juu ya vitunguu, basi tukapata pa kusingizia.

Alipokuwa ananisindikiza mlangoni akasema, "Papa ni wangu. Ule mwingine ni wenu. Lakini kofia inabaki hapa."

Nilitembea na maneno hayo siku nyingi. Kwenye tramu, nikigeuza wazee vitandani. Ndipo nikaona la kufanya, na nikamwita Trésor. Papa Sababu amefariki. Tutasema hivyo hivyo, mbele ya watu, kwa jina lake. Na Trésor hatakuwa wewe. Atakuwa mdogo wako, aliyekuja matangani kutoka kijiji cha mbali na begi kubwa kuliko msiba, na ambaye matanga yamekwisha, watu wameondoka, yeye bado yupo, anamtunza shemeji. Anakula. Anakalia kiti chako na kukilalamikia. Kila mjane akidokeza habari ya basi la kurudi, anaanza kumlilia kaka yake, "Yaya yangu, yaya yangu!" mpaka aongezwe nyama. Trésor alinisikiliza akaanza kuandika akiwa amesimama. Ungetukosoa sana. Nilikuhitaji kila dakika.

Tulicheza jana mchana, ukumbi uleule. Solange alisema haji. Nilimwona amekuja, amesimama karibu na mlango na koti lake, kama mtu anayetaka kutoka haraka.

Niliingia na kitambaa cheusi, nikawaambia watu wa mugini kwamba bwana yangu hayupo tena. Nilisema tu hivyo. Sikuweka mzaha. Ukumbi ulinyamaza, Papa Sababu, na mara hii niliuacha ukimya. Niliuacha mpaka ukanielemea. Ndipo Trésor akaingia na begi lake, akateleza, na kicheko kikaja, kikubwa, kikavu kwanza, kisha kikalowa. Walicheka mpaka mwisho. Nilitupa jicho mlangoni, nikamwona Solange amejiziba mdomo kwa skafu, mabega yanapanda na kushuka kama yako.

Tulipomaliza nilishuka jukwaani nikatafute maji. Njiani akanisimamisha mama mmoja mzee, mtu wa Kolwezi kwa lafudhi yake, amevaa kitenge chini ya koti la baridi. Nilidhani anataka picha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, ile heshima ya kwetu.

"Pole, maman," akasema. "Pole ya bwana."

Hakuwa anacheza. Nilimtazama machoni. Nyuma yake alikuwepo baba mmoja, kofia ameishika mkononi. "Pole, maman Sababu." Nyuma yake wengine. Walikuwa wamejipanga wenyewe, bila kuambiwa na mtu, katikati ya viti, tangu jukwaani mpaka kwenye meza ya vinywaji, na kila mmoja alinipa mkono, akasema neno lake. Wengine walikuwa wamekuwepo kwenye mazishi yako. Siku ile walinipita. Ningeweza kuwaambia ule ni mchezo, kwamba mke alizikwa Lubumbashi na mimi ni mtu wa kazini. Sikusema. Nilisimama nikapokea mikono yote, nikasema asante, asante, nikalia kama mjane anavyotakiwa kulia, mbele ya watu.

Solange alikuwa wa mwisho. Hakusema pole. Alinipa mkono kama wengine, halafu hakuuachia.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Sikuwahi kukuambia ulikuwa nani kwangu, na wewe ulipotaka kusema lako, nilikuziba kwa kicheko. Hilo sitalirekebisha. Mtu akiniuliza ulisema nini siku ile, namjibu sijui, na nakuahidi sitalibuni jibu hata siku moja, hata kama lingekuwa zuri.

Pumzika, Papa Sababu. Kukicha naenda kulisha wazee wangu, na Jumamosi tunapanda treni ya Liège.

Mke wako wa Jumamosi jioni,
Béa